Namba Zisizo na Kofia

Faili la mto lilifunguka Jumanne asubuhi, baada ya kutugomea wiki sita, na aliyelifungua si mimi. Alikuwa mwanamke aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, ambaye hakuwahi kuhudhuria kozi ya kompyuta hata ya siku moja. Mimi nilikuwa na vyeti viwili vya kompyuta, na kimoja nilikuwa nimekitundika ukutani, juu ya mashine yenyewe. Alilifungua chini ya cheti changu.

Ofisi yetu ya vipimo vya maji ilikuwa Iringa, na miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kompyuta ilikuwa moja, tumeifunika kitambaa cha kudarizi kama redio ya harusi. Ndani yake kulikuwa na programu ya zamani ya DOS ya kutunza vina vya mito: kila asubuhi, kila kituo, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kila mwaka tuliouingiza, faili lilinenepa. Mwisho, ukiliita, mashine inaandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu haitoshi, kisha inakutoa nje. Niliandika barua makao makuu kuomba kumbukumbu zaidi. Zikaja. Nikafungua kasha mbele ya wafanyakazi wote, nikazichomeka mwenyewe, nikatangaza kwamba megabaiti nne sasa ni nane. Nikawasha. Faili likagoma vilevile.

“Umeishibisha na bado inalia njaa,” dereva wa Land Rover akasema, na watu wakacheka.

Yeye hakucheka. Tulimwita Mama Masijala, kwa kuwa alitunza masijala, na jina lake nadhani wengi hawakulijua. Aliniuliza kitabu cha mashine kiko wapi. Sikukumbuka. Akainama, akakiona: kilikuwa chini ya kioo cha kompyuta, nilikiweka hapo mwenyewe ili kioo kifike usawa wa macho yangu. Akakichomoa, akaweka tofali mahali pake, akaondoka nacho. Alikisoma majuma mawili, kamusi ya Kiingereza pembeni, akianzia utangulizi, kama mtu anayekagua faili la mtumishi kabla ya kumpandisha cheo.

Alichokuta humo ni hiki. Programu yetu ilitungwa zamani, na ilijua kilobaiti mia sita na arobaini tu za mwanzo wa kumbukumbu. Ungeongeza megabaiti mia, isingeziona. Na katika hizo chache ilizoziona, DOS yenyewe, mfumo unaoendesha mashine, ilikuwa imekaa humo, pamoja na vijiprogramu vingi vinavyoamka mashine ikiamka. Faili la mto lilipofika, likakuta viti vimekaliwa.

Asubuhi ile aliiamuru mashine iorodheshe vyote vilivyokaa na ukubwa wa kila kimoja. Akanakili orodha kwenye daftari kwa kalamu ya risasi. Kisha akaanza kuniuliza, kalamu ikigusa jina moja baada ya jingine.

“Huyu anafanya kazi gani?”

“Huyo ni wa kipanya, Mama. Bila yeye mshale hautembei.”

“Programu ya mto inatumia mshale?”

“Hapana. Vitufe tu.”

“Basi amekaa sebuleni kwa watu anasubiri nini? Na huyu?”

“Huyo ni saa. Inaonyesha saa pale kwenye kona.” Saa ile niliiweka mimi, na nilijivunia sana.

Aliinua macho akatazama saa kubwa ya ukutani, akarudisha macho kwangu. Dereva alicheka mpaka akakohoa.

Aliifuta saa yangu. Akamwondoa kipanya. Vilivyobaki, ambavyo haviwezi kuondolewa, akaviandikia mistari mipya katika yale mafaili mawili ambayo mashine huyasoma inapoamka, ili vikakae katika kumbukumbu ya juu, ambayo programu yetu haina haja nayo. Mara ya kwanza mashine iliganda. Alikuwa ameweka akiba ya mafaili ya zamani kwenye diski, akayarudisha, akapiga mstari kwenye daftari, akajaribu tena. Mara ya tatu, faili likafunguka. Miaka yote ikajipanga kwenye kioo, mchoro mmoja, masika na kiangazi, masika na kiangazi.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Naandika haya nikiwa mzee, na bado nayakumbuka yale makofi yangu, jinsi viganja vilivyokuwa vizito.

Yeye aliendelea kubonyeza, mwezi baada ya mwezi, akirudi nyuma. Katika mwezi mmoja wa miaka ya sabini alisimama. Nilijua ni mwezi gani kabla sijatazama. Pale kwenye mchoro, kati ya milima na mabonde, palikuwa na vipande vinane vilivyonyooka, kila kimoja chini ya mwenzake kwa sentimita moja kamili.

“Mto hauteremki ngazi, mdogo wangu,” alisema polepole. Kisha akafunga faili na kwenda kuchemsha chai.

*

Chai yake ilikuwa ya tangawizi, na aliichemsha mwenyewe hata alipokuwa na watu watatu chini yake. Iringa ina baridi ya kuingia kwenye mifupa, hasa mwezi wa sita na wa saba, na masijala ilikuwa upande ambao jua halifiki. Alivaa sweta la kijani, viwiko vyake vimetiwa viraka vya rangi nyingine. Hakujibu salamu kabla ya kikombe cha kwanza. Ukiingia na “Kamwene!” yako ya uchangamfu, anainua kidole kimoja, maana yake subiri. Akimaliza kikombe anageuka: “Haya, kamwene. Ulikuwa unasema?”

Kalamu yake ilifungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Hakuazima mtu kalamu, hata mkuu wa ofisi. Lakini mke wa dereva alipojifungua, ni yeye aliyetembea kila siku wiki nzima kupeleka uji, na ulanzi wa dereva, pombe ile ya mianzi, akaumwaga bila kumuuliza. Mafaili aliyafunga kwa mikanda aliyokata kutoka kwenye tyubu za baiskeli zilizochakaa. Alimjua kila fundi baiskeli mjini, na wote walimwekea tyubu. Aliweza kukuambia barua ya miaka kumi iliyopita iko rafu gani, ya ngapi kutoka kushoto, lakini miwani yake aliitafuta kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa kichwani.

Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Niliwahi kwenda kumsikiliza, nikitumaini, nakiri, kwamba ataimba vibaya.

Neno lake kuu lilikuwa juu ya kofia. Kazi yetu ilikuwa ya namba. Msoma rula (hivyo ndivyo wenyeji walivyotuita, kwa sababu ya ule ubao wenye mistari uliosimikwa mtoni) aliandika kina cha maji kila siku saa tatu asubuhi, na mwisho wa mwezi alituma kadi Iringa kwa basi. Lakini watu huugua. Ubao huanguka. Siku nyingine hakuna aliyesoma. Mama Masijala hakuwa na shida na hilo. “Kukisia si dhambi,” alikuwa akisema. “Dhambi ni kukisia bila kofia.” Kila namba iliyokisiwa aliichorea tao dogo juu yake, kama kofia. Ukiona namba yenye kofia unajua: hapa hakuna mtu aliyetia mguu mtoni. Namba ya kichwa wazi ni ya mtu aliyesimama pale akaona kwa macho. Kompyuta ilipokuja, programu ilikuwa na nafasi ya herufi moja pembeni ya kila namba. Akaweka K kwa kila kisio. Maelfu ya namba, na hakuna hata moja niliyowahi kumfumania nayo. Nilijaribu. Nilikaa siku nzima na madaftari yake nikitafuta namba moja tu ya uongo, nikajidanganya kwamba nakagua.

*

Kwa nini nilimwonea wivu? Nimejiuliza kwa utaratibu, kama ninavyojiuliza mambo mengine. Si cheo, baadaye cheo changu kilikuwa juu ya chake. Si elimu. Nadhani ni kwamba hakuonekana kujitahidi. Mimi nilizaliwa Mbeya, mtaa wa Soweto, nyumba ya watu wengi, ambamo kitu usipokikamata kimekwenda. Yeye hakukamata. Alisubiri, akahesabu, kisha kitu kikaja chenyewe na kukaa alipotaka.

Kuna siku ya miaka ya sabini ninayoikumbuka zaidi kuliko nyingine. Ofisi ilipata kitengo kipya, na mkuu akaamua kukipa nusu ya masijala. Alisimama mlangoni na kusema kila karatasi ya zaidi ya miaka mitano ichomwe, chumba kimejaa.

“Hakijajaa, mzee,” Mama Masijala akasema. “Kimekaliwa na wasioitwa.”

“Unasema nini?”

“Nipe siku tatu, seremala mmoja na ngazi. Siku ya nne ukiona bado kimejaa, kiberiti nitawasha mimi.”

Kumbe kwa mwezi mzima alikuwa akitia alama ndogo ya kalamu ya risasi kwenye jalada la kila faili lililoitwa. Akayapanga kwa alama. Yanayoitwa kila siku yakakaa usawa wa mkono. Yanayoitwa mara moja kwa mwezi, chini. Yasiyoitwa isipokuwa mwaka ukiisha, seremala akayatengenezea rafu juu kabisa, ndani ya dari, kukawa na tundu la kupandia. Hakuna karatasi iliyochomwa. Siku ya nne mkuu aliingia katika nusu chumba akakuta nafasi ya kutembea, hata kiti cha mgeni.

Ndiyo kazi hiyo hiyo aliyoifanyia kompyuta miaka kumi na mitano baadaye. Watu waliona muujiza. Mimi niliona dari, na nikachukia kwamba mimi, niliyekuwepo siku ile nikishikilia ngazi, sikuikumbuka.

*

Alikuwa na kasoro moja kubwa, na ilikuwa ya ajabu kwa mtu wa kazi yake: aliogopa maji. Si kuoga wala kuteka kisimani. Maji yanayokwenda. Nilikuwa mtu pekee aliyejua.

Nilijua kwa sababu niliketi naye kwenye Land Rover mara moja alipokuwa akipelekwa Mbeya kwenye mkutano. Tulipofika kwenye daraja, alinishika mkono kwa nguvu, akafumba macho. Midomo ilikuwa ikitembea. Tulipovuka aliniachia, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

“Ukiwaambia,” alisema, “nitakuwa kichekesho. Mtunza mito anayeogopa mto.”

“Siwezi kusema, dada.” Enzi hizo nilimwita dada.

“Najua. Ndiyo maana nimekushika wewe.”

Sasa nifike kwenye siku nane.

Nilikuwa kijana, nimepangiwa kituo katika tambarare za Usangu. Nyumba ya bati, kitanda cha kamba, mto, na rula. Majirani walikuwa Wasangu wa zamani na Wasukuma waliokuwa wakiteremka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Ng'ombe wale walinitia taabu kuliko mamba. Walikuja kunywa maji, wakaona ubao wangu, wakajikuna. Mara mbili uliinama. Niligombana na mzee mfugaji mwenye kundi kubwa zaidi mpaka sauti ikaniisha. Niliandika Iringa kulalamika. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa Mama Masijala, mstari mmoja: “Msimikie ng'ombe mti wake.” Nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nilisimika gogo la mkwaju hatua ishirini kutoka kwenye rula. Ng'ombe wakahamia huko na hawakurudi. Yule mzee alikuja kulitazama gogo, akalizunguka.

“Akili hii ni ya kwako?” aliniuliza.

“Ya kwangu,” nikasema.

Mwaka uliofuata likatoka tangazo: nafasi moja ya mafunzo Dar es Salaam, mwaka mzima, ufundi wa vipimo. Dereva alipita kituoni kwangu kuleta kadi mpya na akanieleza habari kama mtu anayetoa njugu mfukoni.

“Nafasi ya Dar imeshapata mwenyewe. Mama Masijala. Mkuu wa Iringa amempendekeza, bado sahihi ya mkuu wa kanda, Mbeya, tu.”

Asubuhi ya pili nilikuwa barabarani. Nilipanga siku tatu. Lori la mpunga, kisha basi. Nilipofika Mbeya mkuu wa kanda alikuwa ameenda Tukuyu kikazi. Ikafika Jumapili, na enzi hizo magari yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta, kwa hiyo hakurudi. Alirudi Jumanne. Kwenye stendi ya Mbeya, wakati nikisubiri, nikakutana uso kwa uso na dereva wetu, amekuja kuchukua vipuri.

“Bwana Rula! Mto umemwachia nani?”

“Nimepewa ruhusa,” nikasema.

“Na nani? Na kambare?”

Niliingia kwa mkuu wa kanda siku ya sita. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya bidii yangu, lakini aliposema kwamba mpendekezwa ni mtu hodari sana, mdomo wangu ulitoa kitu kingine.

“Ni hodari, mzee. Lakini mtu anayefumba macho darajani, mto ataupimaje?”

Alinitazama. Akaniambia nieleze. Nikaeleza.

Nilirudi kituoni siku ya nane. Kadi ya mwezi ilikuwa ukutani, nafasi nane tupu. Kukiri kwamba hapakusomwa ilikuwa kukiri kwamba sikuwepo, na nilikuwa na nafasi ya Dar karibu mkononi. Nikasoma rula ya jioni ile, nikachukua namba ya mwisho niliyoandika kabla ya kuondoka, nikajaza nafasi nane kati ya hizo mbili nikishuka sentimita moja moja, vizuri, kwa mwandiko wangu bora. Bila kofia.

Nafasi ilikuwa yangu. Nilipopita Iringa kwenda Dar, Mama Masijala alinifungia chapati kwenye gazeti.

“Kasome,” alisema. “Mto hauna haraka.”

Nilipekua uso wake kutafuta hasira. Ningeipokea kwa furaha. Hakukuwa na kitu, au kama kilikuwepo kilikuwa darini.

*

Alistaafu miezi mitatu baada ya lile faili kufunguka. Kuhusu ngazi za mto hakusema tena. Mimi nikawa mtunza kompyuta peke yangu, na sikumrudisha kipanya, kwa sababu kila nilipojaribu faili liligoma.

Mwaka mmoja baadaye wahandisi waliokuwa wakichora mfereji wa umwagiliaji waliomba vina vya Usangu. Nikaita faili, nikafika mwezi ule, nikijiandaa kuona aibu yangu. Ngazi hazikuwepo.

Mahali pake palikuwa na namba nyingine nane. Siku nne za kwanza maji yanapungua kidogo bila mpangilio, kama mto unavyofanya. Siku ya tano yanaruka sentimita arobaini na moja. Kisha yanashuka, haraka mwanzo, polepole mwisho, mpaka yanakutana na namba yangu ya jioni niliyorudi. Pembeni ya namba hizo, pale pa herufi K, palikuwa patupu kwa siku zote nane. Vichwa wazi.

Nilipanda darini. Kadi yangu ilikuwa mahali pake, na namba zangu za uongo, na muhuri wa masijala. Hakuna kilichoongezwa. Kwa hiyo namba mpya hazikutoka kwenye kadi. Zilitoka wapi?

Kulikuwa na majibu mawili tu. La kwanza: alizitunga, ili kuniondolea aibu, na kwa mara moja maishani akaacha kofia. Hapo tungekuwa sawa, mimi na yeye. La pili: zilikuwa za kweli. Hapo ina maana alijua tangu wiki ile ile, aliniona nikiondoka na nafasi yake, na akanitilia chai ya tangawizi miaka yote hiyo. Nilitamani la kwanza kwa nguvu iliyonitisha.

Niliomba safari ya Usangu. Gogo la mkwaju lilikuwa bado limesimama, limelainika kama kiti cha kinyozi. Yule mzee mfugaji alishafariki. Mjane wake alikuwepo, anapepeta mpunga, na mwanawe aliyekuwa kijana mdogo wakati ule. Niliuliza kama kuna mtu wa ofisi aliyefika mtoni wiki niliyokuwa sipo.

“Mama mmoja alikuja na Land Rover,” mjane akasema bila kusimamisha ungo. “Akaupa mto mgongo, kaka, kabisa, amekaa pale chini. Marehemu ndiye alikuwa anaingia majini, anamwita, maji yako mstari fulani. Na yeye anaandika. Akamwachia marehemu kijiti cha kuchonga alama, kila asubuhi alama moja. Ni wiki ile maji yalipopanda yakamchukua ndama.”

“Mama, yule alikuwa nesi wa chanjo,” mwanawe akamkatiza. “Alikuwa anaandika watoto.”

“Nesi gani anayeuliza maji?”

“Na alama za kijiti zilikuwa za kuhesabu ndama wetu. Maji yalimchukua ndama mwaka uliofuata, siyo ule.”

“Wewe ulikuwa unanyonya!”

“Nilikuwa nachunga, mama.”

Wakaendelea kubishana, na mimi nikaandika yote mawili. Dereva angeweza kuamua, lakini dereva tulishamzika.

*

Mara ya mwisho nilimwona Ruaha Mbuyuni. Basi lilisimama, abiria wakashuka kununua vitunguu, na muuzaji mmoja, sweta la kijani begani katika joto lile la bondeni, alikuwa akipanga mafungu kwa ukubwa, makubwa usawa wa mkono. Miwani ilikuwa kichwani.

“Kamwene, Mama Masijala.”

Aliinua kidole kimoja. Akamalizia fungu. Kisha akageuka. “Haya, kamwene. Mdogo wangu! Umenenepa kama faili.”

Nikauliza shamba liko wapi. Akaelekeza kwa kidevu: kule chini, mtoni. Maji ya kumwagilia walipeana kwa zamu, na kila asubuhi lazima mtu ateremke kutazama kina.

“Nani anakutazamia?”

“Natazama mwenyewe.”

“Umeacha kuogopa?”

“Nani kakwambia nimeacha? Naogopa. Halafu natazama.” Akanichagulia vitunguu. “Na wewe ulimwambia mkuu wa kanda sitaweza.”

Alisema hivyo kama anavyotaja rafu na nambari ya faili. Abiria mmoja aliuliza bei, akajibiwa. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu wa safari tumboni.

“Dada,” nikasema, na sikuwa nimelitumia neno hilo kwa miaka mingi. “Zile siku nane. Ulizitoa wapi?”

“Zina kofia?”

“Hazina.”

“Basi.”

“Dada, nataka tu kujua kama...”

“Mdogo wangu. Uliposoma namba za wenzako miaka yote, zile za kichwa wazi, ulimwuliza kila mmoja alizitoa wapi?”

Nilimwuliza jambo jingine, la kazi tu: kitabu cha safari cha Land Rover cha mwaka ule, kile dereva alichoandika amempeleka nani, wapi, kiko wapi. Alifikiri, au alijifanya kufikiri, akavuta miwani kutoka kichwani na kuivaa.

“Hicho sikumbuki kilipo,” alisema.

Sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Alinifungia vitunguu kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli, akafunga fundo lake lile lile, na basi likapiga honi.

Vitabu vya safari vya gari viko darini, rafu ya tatu, kwa mpangilio wa miaka. Vyote vipo. Kinakosekana kimoja tu, cha mwaka ule. Pengo lake ni upana wa vidole viwili, na hakuna kitabu kilichosogezwa kuliziba.